Alama za Mia

Jina lake halisi lilikuwa gumu kwake kulitamka, kwa hiyo watu walipoanza kumwita Mia hakukataa. Jina hilo jipya lilizaliwa darasani, siku mwalimu wa hesabu aliporudisha madaftari na kutangaza kwamba kuna mmoja amepata mia kwa mia. Wenzake wakageuka wote kumtazama yule msichana wa dawati la nyuma ambaye hawakuwahi kumsikia akisema zaidi ya "ndiyo." Hata hiyo "ndiyo" ilimtoa jasho. Ilifika kwenye meno ikakwama, ikarudi, ikaja tena, na ilipotoka aliyeuliza alikuwa ameshasahau swali lake.

Alilelewa na shangazi yake, fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili: cha mbele kilijaa vitambaa, cha nyuma kilijaa kila kitu kingine. Mama yake alifariki yeye akiwa hajaanza shule. Baba alioa kwingine akawa mtu wa kupiga simu mara mojamoja, kisha simu zenyewe zikaadimika. Ndugu waliokuja kutembea walikuwa na mazoea ya kumkodolea macho mtoto na kusema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Shangazi, pini zikiwa mdomoni, aliwajibu kwamba huyu hana mshindo, ana masomo, na kwamba waketi wanywe chai kabla haijapoa.

Shangazi alikuwa mtu pekee duniani asiyemmalizia maneno. Wengine wote walimmalizia, tena mara nyingi kwa neno lisilo lenyewe, na Mia alilipokea hivyo hivyo ili yaishe. Siku moja alitumwa dukani kununua sabuni akarudi na sukari, kwa sababu muuza duka alishindwa kusubiri kilichofuata baada ya "s." Shangazi alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Akasema basi leo tutaoga na sukari, tutatoka watamu. Kisha akamvuta karibu na cherehani, akamwambia jambo ambalo Mia alilishika kama wengine wanavyoshika dini:

"Karatasi haina haraka, mwanangu. Inakusubiri mpaka umalize."

Basi Mia akaongea na karatasi. Kwenye karatasi hakukuwa na mtu wa kuinamisha macho kwa aibu, wala wa kutazama saa. Kemia ndiyo aliyoipenda kuliko yote, kwa kuwa mambo yake hayakutegemea sauti ya mtu: ukiweka tone, rangi inageuka au haigeuki. Shuleni akapata alama za juu, akaenda chuo cha ufundi wa maabara akapata za juu zaidi. Jioni alipokuwa bwenini wenzake walikwenda kutazama mpira na kupiga soga kwenye ngazi. Walizoea kumwalika mwanzoni, halafu wakaacha, si kwa ubaya, ni vile mtu anavyoacha kugonga mlango usiofunguliwa.

Shangazi alianza kuugua mwaka wa mwisho wa chuo. Mia alifanya mtihani wake wa mwisho akarudi nyumbani kumuuguza, na kabla majibu hayajatoka alikuwa amemzika.

Siku ya majibu alikwenda chuoni kama wengine. Yalibandikwa ukutani nyuma ya kioo, na watu walisukumana, wakakumbatiana, wakapiga simu wakiwa wameziba sikio la pili kwa kidole. Msichana mmoja alimrukia Mia akamkumbatia kwa nguvu, halafu akaona amekosea mtu, akamwachia taratibu na kumpa hongera. Mia alikuwa wa kwanza katika darasa lao. Alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa kitandani, akayasema matokeo yake kwa sauti, somo moja baada ya jingine, na hakukwama hata mahali pamoja. Akiwa peke yake hakukwama kamwe. Kigugumizi chake kilikuwa kama mgeni wa heshima, hakiji mpaka kuwe na watu.

Alitafuta kazi kwa muda mrefu. Kila mahali palikuwa na usaili, na kila usaili ulikuwa na mdomo. Ndipo akasikia kwamba idara ya maji inataka mtu wa maabara.

Hapo zamani maabara ile iliajiri kwa vyeti tu. Waombaji walipangwa kwa alama, wa juu akachukuliwa, waliobaki wakaambiwa asanteni. Lakini alikuwa ameingia mkuu mpya wa utumishi, mwanamume mnene mwenye sauti ya kujaza ukumbi, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Karibu kwa kuwa mlango wake ulikuwa wazi daima na neno hilo halikukauka mdomoni mwake. Bwana Karibu alikuwa amefeli. Hakuficha, alilisema hadharani kama wengine wanavyotaja shahada. Akiwa kijana, alifeli mtihani wa mwisho wa shule mwaka uleule kaka yake alipofaulu kupita wote, na baba yao aliweka picha ya mmoja ukutani na hakusema lolote kuhusu wa pili. Alizunguka maofisi, akakutana na makarani waliotazama karatasi yake, wakairudisha, bila kuinua macho kujua imeletwa na nani. Alianza kazi idarani kwa kuchimba mitaro ya mabomba. Akawa msoma mita. Akaonekana anaweza kuingia kwenye nyumba ya mtu aliyekatiwa maji, mtu aliyetoka na rungu, na kutoka humo wakiwa wanacheka wote wawili. Kwa njia hiyo akapanda, ngazi baada ya ngazi, mpaka kwenye kiti kile.

Kwa hiyo alipokikalia alifuta utaratibu wa alama. Aliwaambia wenzake kwamba alama ni za darasani na kazi ni ya watu. Alitaka kumwona mwombaji mwenyewe, anavyoketi, anavyocheka, anavyoishi na mwenzake. Vyeti alivikagua kuhakikisha ni halali tu, bila kusoma kilichoandikwa ndani. Na aliamini kwa moyo mweupe kwamba anatenda haki.

Siku ya usaili viti vilipangwa duara. Bwana Karibu aliketi kati ya waombaji kama mmoja wao, akawaomba kila mmoja ajitambulishe na kusimulia kisa kimoja kilichowahi kumchekesha. Mia alikuwa nacho. Kile cha sabuni na sukari kingewaangusha wote, alijua hivyo. Alikifanyia mazoezi njiani akitembea, kikatoka laini kabisa. Zamu yake ilipofika akasimama, akaanza jina lake.

Halikutoka. Alilisukuma likarudi. Alifumba macho, akajaribu kuliendea kwa upande, kama mtu anayefungua dirisha lililovimba kwa mvua. Waliokuwa kwenye duara wakatazama viatu vyao. Mmoja akamnong'oneza jina ili kumsaidia, na halikuwa jina lake.

Bwana Karibu alimwambia kwa upole kwamba asijali, akae, watarudi kwake. Hawakurudi. Aliyefuata alikuwa kijana mcheshi aliyesimulia jinsi mbuzi wa jirani alivyokula suruali yake kwenye kamba siku ya mahafali, na chumba kikapumua kwa kicheko.

Baadaye Bwana Karibu alisimama koridoni kuwaambia majibu mmoja mmoja, uso kwa uso, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwahi kupewa heshima hiyo. Nafasi ilikuwa ya yule kijana. Alipofika kwa Mia alimshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia kwamba milango ni mingi, asikate tamaa. Mia hakuondoka. Alisimama mbele yake, mdomo ukifanya kazi bila sauti, na yeye, ambaye alikuwa na wengine wa kuzungumza nao, akasubiri kidogo.

"Hamkutazama a-alama zangu," alisema Mia mwishowe.

"Hapa hatuangalii alama, binti. Cheti hakisemi wewe ni nani."

Ilimchukua muda mrefu kujibu. Watu wawili walipita wakiwa na ndoo na kupotea kwenye ngazi, na bado alikuwa hajajibu.

"Ch-cheti ndicho kinachosema," alisema. "Mimi ndiye nisiyeweza."

Akageuka akaenda zake.

Bwana Karibu alirudi ofisini akamaliza siku yake kwa mizaha ileile. Jioni alikwenda nyumbani. Hii ndiyo sehemu ya maisha yake ambayo watu wa idarani hawakuijua: nyumba ile haikuwa na mtu. Mkewe alikuwa amekwenda mji mwingine kumsaidia binti yao aliyejifungua, safari ya miezi michache, na mtoto akawa wa pili, akawa wa tatu, na mama hakurudi. Hawakuachana. Walisahauliana tu, kama mwavuli unaosahaulika kwa jirani. Yule mtu aliyezungumza kutwa nzima alifungua mlango, akawasha taa, na hakusema neno mpaka kesho yake asubuhi alipomwambia mlinzi wa getini habari za kuamka.

Jioni ile alipasha moto chakula cha jana, akala akiwa amesimama, na maneno ya yule binti hayakumwacha. Aliwafikiria makarani wake wa zamani. Walimfungia mlango kwa karatasi. Na yeye leo amemfungia mtu mlango uleule. Alichobadilisha ni kitasa.

Baada ya wiki chache alijaribu kujituliza kwa kumwuliza mkuu wa maabara kama kijana aliyeajiriwa anafaa. Mkuu huyo alikuwa mama mmoja mkavu, karibu na kustaafu, aliyeitwa Mama Chupa kwa jinsi alivyokagua chupa za sampuli kwenye mwanga moja moja kama mtu anayechagua mayai. Alisema kijana anafaa sana. Anajifunza haraka, hana uvivu, na tangu afike hata yeye amecheka mara mbili. Hana malalamiko.

"Basi sikukosea," alisema Bwana Karibu.

"Kwa huyu hukukosea." Mama Chupa aliweka chupa mezani. "Lakini unavyosema alama hazisemi kitu, hapo unakosea. Hazisemi yote. Kitu zinasema. Mtu amekaa chini peke yake miaka mingi, wenzake wanacheza, yeye anasoma. Hiyo nayo ni tabia ya mtu, au ni mpaka iwe na kelele?"

Bwana Karibu alicheka, akatoka.

Mia siku hizo alikuwa amepata kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli kubwa. Kazi yenyewe ilikuwa kukunja mashuka yanapotoka kwenye mashine, yakiwa bado na moto. Walikunja wawili wawili, kila mmoja kwenye ncha zake, wanakaribiana, wanagusana vidole, wanaachana. Mwenzake alikuwa mama wa makamo aliyevaa visikilizio masikioni na kuimba chini kwa chini. Ilikuwa kazi nzuri kwa mtu asiyetaka kuulizwa kitu. Mia aliikunja siku yake pamoja na mashuka, akarudi nyumbani, na wakati mwingine ilipita wiki nzima bila yeye kusikia sauti yake ila pale alipojisomea kitabu cha kemia kwa sauti, ili asije akaisahau, kemia au sauti, hakujua kipi.

Nafasi ya pili ilipotokea maabara, Bwana Karibu alimpigia simu mwenyewe. Alisikia simu imepokelewa, kisha kimya. Akasema halo, halo, akalaani mtandao, akakata. Upande wa pili Mia alikuwa amesimama kati ya makapu ya nguo, simu sikioni, neno la kwanza limemkaba. Ilipokatika aliitazama kama mtu anayetazama gari lililompita kituoni.

Simu ikalia tena. Ikawa vilevile: halo, kimya. Bwana Karibu alikuwa na kidole kwenye kitufe cha kukata alipokumbuka anampigia nani.

"Binti," alisema, "usiseme chochote. Kama ni wewe, gonga simu kwa ukucha."

Akasikia ukucha. Basi akazungumza yeye peke yake, jambo ambalo halikumsumbua hata kidogo, na Mia akagonga kwa ndiyo. Alimwambia kuna nafasi nyingine. Kimya. Alimwambia safari hii hakutakuwa na duara la viti. Ukucha, polepole. Akamwuliza basi nikupime kwa njia gani wewe, na hapo akanyamaza, maana swali hilo halikuwa na jibu la kugonga. Alisubiri. Alisikia mashine za kufulia zikizunguka, na mtu akiimba chini kwa chini. Alisubiri kuliko alivyowahi kumsubiri mtu yeyote kwenye simu.

"M-mtihani," alisema Mia.

Bwana Karibu aliketi. Alikuwa ameapa kwamba akiwa yeye kwenye kiti kile hakuna mtu atakayepimwa kwa mtihani. Lakini alikuwa ameuliza na amejibiwa.

Mama Chupa alitunga maswali kwa furaha isiyofichika. Waombaji wote waliitwa, wakaketishwa kila mmoja na meza yake katika ukumbi wa mikutano, na kwa kuwa msimamizi aliyepangwa alipatwa na homa, Bwana Karibu ilimbidi asimamie mwenyewe. Hakuwa ameingia kwenye chumba cha mtihani tangu ule uliomwangusha. Aligawa karatasi. Alipowaambia waanze, sauti yake ile ya kujaza ukumbi ilitoka nyembamba, na mwombaji mmoja akainua kichwa kuona ni nani aliyesema.

Kisha hakuna aliyehitaji mizaha yake. Aliketi mbele yao bila kazi. Alisikia kalamu, kikohozi, kiti kikisogezwa. Kijana mmoja mbele alikuwa akitazama dari, jasho likimteremka kando ya sikio, na Bwana Karibu alimtambua moja kwa moja, maana alikuwa yeye mwenyewe. Alitamani aende akamwambie toka nje, twende tukaongee, wewe ni mtu mzuri. Alimtazama mpaka akashindwa, akahamisha macho.

Yakamwangukia Mia. Alikuwa ameinama kidogo juu ya karatasi, na mabega yake, yaliyokuwa yamepanda mpaka masikioni koridoni siku ile, yalikuwa yameshuka. Mkono wake ulikwenda bila kusita. Mara moja alitabasamu kwa kitu alichokisoma kwenye swali, tabasamu la mtu anayepigwa utani na rafiki wa siku nyingi, akaandika jibu, akafungua ukurasa. Bwana Karibu alikuwa amekaa na watu maisha yake yote, na alimjua mtu anayeongea alipomwona.

Majibu yalipotoka Mia alikuwa wa kwanza, na nafasi ikawa yake. Kijana wa jasho alikuwa wa mwisho kabisa. Bwana Karibu alimwita ofisini, akakaa naye muda mrefu, mlango wazi kama kawaida, na mwishowe akamtafutia kazi katika kikosi cha kuhudumia wateja. Lakini alisema baadaye kwamba hakujua kama alikuwa akimsaidia yule kijana au akijisaidia mwenyewe.

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya juu. Asubuhi sampuli ziliingia kutoka kwenye matangi na mabomba ya mitaa, kila chupa na karatasi yake shingoni. Mia alipima klorini kwa kutia dawa na kuangalia rangi ya waridi ikitokea, akapima tope, akatia nyingine kwenye kabati la joto zilale humo mpaka kesho ili ionekane kama kuna kilichoota. Mama Chupa hakumsemesha ila kwa kazi. Yule kijana mcheshi, wa mbuzi na suruali, alimsemesha kutwa na kujijibu mwenyewe, na haikuwa vibaya, ila ilikuwa kama kukaa karibu na redio. Wakati wa chakula wafanyakazi waliketi uani kwenye mabenchi. Mwanzoni walimpisha nafasi. Waliuliza, wakasubiri kidogo, wakammalizia, wakaendelea na mazungumzo yao. Baada ya muda akawa anakula ndani, kwenye kona ya kuoshea chupa, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Halafu ikatokea siku ya mtaa wa bondeni. Mia alitoa chupa za mtaa huo kwenye kabati la joto akaona vimelea vimeota, tena vingi. Klorini ya pale ilikuwa imekwisha kabisa. Alirudia vipimo kwa sampuli ya akiba, na jibu likawa lilelile. Mama Chupa alikunja uso, akasema kuna bomba limepasuka mahali na uchafu unaingia, akaagiza maji yafungwe. Lakini maji yaliyokwisha kuingia kwenye ndoo na matangi ya watu yalikuwa yakinywewa dakika ile. Gari la matangazo lilikuwa gereji. Mafundi walikuwa njiani kutafuta bomba. Mia ndiye aliyekuwa na orodha ya nyumba kichwani, kwa kuwa safari ile ndiye aliyekwenda kuchukua sampuli; akapelekwa yeye kwanza, na kijana mcheshi angemfuata akishamaliza kuwasiliana na kituo cha afya.

Alianza na nyumba ya kwanza. Mwanamke alifungua akiwa na mtoto kiunoni. Mia alitaka kusema msinywe maji. Maneno mawili tu, na yote mawili yalianza na "m," na "m" ndiyo iliyokuwa adui yake mkubwa kuliko zote. Midomo ikafungana. Mwanamke alimtazama sare, akamtazama uso, akamwambia kwamba bili wameshalipa, akafunga mlango. Nyumba ya pili mzee alimcheka kidogo, si kwa ukatili, akamwita mwanawe aje aone. Nyumba ya tatu bibi mmoja aliyekuwa akichambua mboga alimwekea kigoda, akamwambia akae apumue, hakuna anayemkimbiza. Akasubiri. Mia akasema. Bibi akainuka hapohapo akamwaga ndoo yake uani, akaenda kumwambia jirani.

Lakini mtaa ulikuwa mrefu. Mia alipokuwa kwenye mlango wa tano, mkono umeinuka kunyamazisha mtu aliyekuwa akimkisia neno, kijana mcheshi alishuka kwenye pikipiki mwanzo wa mtaa, akapanda juu ya ukuta mfupi, akapaza sauti. Aliwaambia wanaopenda matumbo yao wamwage maji, na wasioyapenda wayanywe ili idara ipunguze wateja. Watu wakatoka. Wakacheka, wakauliza, wakajibiwa, wakawaita watoto. Muda mfupi tu na mtaa mzima ulikuwa ukimwaga ndoo, maji yakashuka kwenye mfereji kama mvua imenyesha.

Mia alisimama kando na kreti yake ya chupa. Alifurahi, kwa kweli alifurahi, maana alimwona yule mwanamke wa kwanza akimnyang'anya mtoto kikombe. Na wakati huohuo alikumbuka lile duara la viti. Alikuwa amewalaumu watu wengi moyoni kwa kumtaka aongee. Hawakuwa wajinga wote.

Kijana alipomfikia, shati limelowa, alimwambia, "Wewe ndiye uliyejua. Mimi nimepiga kelele tu." Alisema kwa dhati. Mia alitaka kumjibu kwamba kelele zake zimefika mahali ambapo kujua kwake hakukufika. Alilipanga neno la kwanza, lakini mtu alimwita yule kijana kutoka ng'ambo, akaenda, na jibu likabaki naye.

Hakuna aliyeugua sana. Bomba lilipatikana, likafungwa, likabadilishwa. Katika kikao cha wakuu ilizuka tena hoja ya ajira: mmoja akasema tukio lile limeonyesha kwamba wanahitaji watu wa vyeti, mwingine akasema limeonyesha kwamba wanahitaji watu wa watu. Wote wawili walimgeukia Bwana Karibu. Aliwaambia kwamba tangu sasa kutakuwa na mtihani na kutakuwa na mazungumzo, alama zitasomwa na mtu atasikilizwa, na atakayekuwa mzito wa kimoja atapewa muda. Wakamwuliza muda kiasi gani. Akasema hajui, na wakaona hilo si jibu la kuandikwa kwenye kanuni.

Wiki hiyo, mchana, alipita maabara kwa shughuli nyingine akamkuta Mia kwenye kona yake ya kuoshea chupa, mkate mkononi, sauti ya kijana mcheshi, ile redio yao, ikisikika kutoka uani pamoja na vicheko vya wengine. Alivuta kiti. Hakuwa na mzaha wa kusema, jambo lililomshangaza. Alitazama chupa zilizopinduliwa kukauka, mwanga wa dirisha la juu ukipita ndani yake, akafikiri jinsi ambavyo angerudi jioni na kuwasha taa.

"Upo, binti?" alimwuliza.

Mia aliweka mkate chini. Midomo yake ilifungana, ikafunguka. Bwana Karibu aliona neno linakuja, alijua ni neno gani, na angeweza kulisema yeye. Aliweka mikono magotini akakaa.

"N-nipo," alisema Mia.